Kabla Njahi Haijaandikwa

Majina yote ninayo. Mwanamke aliyenipa mbegu ya kwanza ya njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, aliyenipa nyingine wadudu walipoimaliza ile, aliyenionyesha kuichanganya na jivu na kuining'iniza juu ya moshi wa jikoni, waume zao, mama zao, hata yule ng'ombe mweusi wa jirani aliyekuwa akivunja ua wetu kila msimu, wote ninaweza kuwaita mmoja mmoja bila kukosea. Lakini mjukuu wangu ameniambia kwamba katika sayansi majina ya watu hayaandikwi. Basi nami hapa sitaandika hata moja, nione kama inawezekana. Naona ni kama kupika githeri, mahindi na maharagwe, bila chumvi. Itaiva, lakini mkono unarudi kwa mkebe kila mara.

Huyo mjukuu ni msichana wa kwanza wa mwanangu wa kiume, kwa hivyo amebeba jina langu. Kwetu ndivyo ilivyo, msichana wa kwanza ni wa mama ya baba yake. Mwanangu hamwiti kwa jina, anamwita Mama. Mtoto alipokuwa mdogo na akikataa uji, mwanangu alikuwa akinigeukia mimi, "Mama, mbona umekataa uji?" nami nikimjibu, "Una moshi." Tulikuwa tukicheka sana. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotuletea shida, na mimi sikujua kama ni shida.

Anasoma mambo ya kilimo chuo kikuu. Likizo iliyopita alikuja kwangu hapa Wamagana na begi la nguo na begi la karatasi, na hilo la karatasi ndilo lililokuwa zito. Alisema amekuja kuandika makala ya njahi, vile mbegu imetoka mkono wa mwanamke huyu ikaingia mkono wa yule, tangu siku za ujana wangu mpaka sasa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemweleza kwa simu jioni nyingi, naye akirekodi. Nikafurahi. Nikamwachia meza ya sebuleni, nikaondoa kitambaa cha kufuma, nikafukuza kuku wasije wakamsumbua.

Hakuandika. Nilipochungulia nilimwona amekata karatasi ngumu vipande vipande, kila kimoja na maneno machache, anavipanga mezani, anavitazama, anavipangua. Alikuwa kama mtu anayechambua maharagwe na haoni jiwe. Nikaenda kuchuma majani chai, nikarudi, bado yuko hapo, vipande vimehama tu.

"Unaandika?" nikamuuliza nikimwekea chai.

"Bado, Shosho. Napanga."

"Unapanga nini?"

"Nitakachoandika."

"Si uandike tu, kwani hujui utakachoandika?"

"Ndiyo maana napanga. Sijajua."

"Na hiyo njahi yote niliyokueleza kwa simu mpaka sikio likashika moto?"

"Hiyo naijua, Shosho. Lakini sijui inasema nini."

Njahi inasema nini! Nilitoka nje nikaiangalia ile iliyopanda kwa ua. Ilikuwa imenyamaza, kama siku zote.

Siku iliyofuata alijaribu kunielewesha. Alisema makala ya sayansi haiandikwi kuanzia juu kwenda chini. Kwanza unachora picha na majedwali ya vitu ulivyopata. Halafu unaandika ulichopata, halafu ulivyokitafuta, halafu maana yake. Utangulizi unakuja mwishomwisho, na yale maneno machache ya juu kabisa, yanayosomwa kabla ya yote, hayo ndiyo yanaandikwa baada ya yote.

"Kwa hivyo hodi unapiga ukiwa unatoka?"

Akacheka. "Ee, Shosho, ni kama hivyo."

Nilidhani anacheka kwa sababu nimekosea. Kumbe alikuwa anacheka kwa sababu nimepata. Hapo nikazidi kupotea.

Nilibeba jambo hilo kichwani nikichuma majani. Nikafikiria ruracio, siku ya mahari. Pale kabla msemaji wa ukoo hajasimama mbele ya wageni, watu wake huenda kando nyuma ya nyumba, wananong'ona, wanabishana, mpaka wakubaliane neno moja. Halafu wanarudi, na mmoja tu ndiye anayesema, na anasema kama mtu ambaye hajawahi kuwa na shaka maishani. Nikashuka mbio na kikapu mgongoni.

"Nimeelewa," nikamwambia. "Hapa umeenda kando nyuma ya nyumba. Mnakubaliana neno kabla ya kusimama."

Akapiga makofi. "Haswa! Shosho, hakuna mtu aliyewahi kunieleza vizuri hivyo."

"Na ni nani na nani mmeenda kando?"

"Ni mimi tu."

"Wewe tu? Sasa unakubaliana na nani?"

Akatazama vipande vyake. "Hiyo ndiyo shida," akasema. Furaha yangu ikaisha hapo.

Ndipo aliponieleza jambo lenyewe, kwa sauti ndogo, akikwaruza ukingo wa kadi kwa ukucha. Mwalimu wake wa chuo alikuwa amemrudishia mpango. Mtoto akautengeneza, mwalimu akaurudisha tena. Safari hii amesema anataka ukurasa mmoja, na juu yake sentensi moja inayosema makala inasema nini, na aupate kufikia Ijumaa. Akishindwa, kazi yote atapewa mwenzake aiandike.

"Na wewe?"

"Jina langu litakwenda nyuma kabisa, Shosho, kwa wale wanaoshukuriwa. Nimezunguka na hii simu nikirekodi wamama mpaka viatu vikatoboka. Nije niwe wa kushukuriwa?"

Nikaona macho yake yameingia maji. Alilia hivyo hivyo akiwa mdogo, bila sauti, kidevu kikitetemeka. Kwa hivyo nilielewa kitu kimoja katika hayo yote, kwamba mtoto anataka jina lake likae mbele. Hilo halihitaji shule.

"Na wale wamama," nikasema, "majina yao yatakaa wapi?"

"Hayatakaa, Shosho. Wanaitwa Mama A, Mama B, hivyo hivyo. Ni kuwalinda."

"Kuwalinda na nani?"

Akafikiri. "Na wasomaji."

"Kwani wasomaji watawafanya nini?"

"Hakuna. Ni sheria tu."

"Kwa hivyo lako likae mbele, na yetu yasiwepo?"

Alichukua kikombe akanywa chai iliyokuwa imepoa. Sikuuliza kwa ubaya. Nilitaka kujua.

Sentensi alikuwa nayo tayari. Alinisomea: mwanamke anayetoa mbegu hurudishiwa mbegu ile ile siku akiishiwa. Nikamwambia ni kweli kabisa. Akanionyesha picha aliyochora, mviringo kwa kila mwanamke na mishale ikitoka mmoja kwenda mwingine. Mviringo uliokuwa mzuri kuliko yote ulikuwa wa Mama A. Mshale ulitoka kwake ukaja kwangu, na mwingine ukatoka kwangu ukarudi kwake, kama watu wawili wanaorushiana mpira. Mama A ndiye aliyenijia nilipojifungua mtoto wa kwanza, huyo huyo baba ya mjukuu wangu, akaniletea njahi ya kupika ili maziwa yashuke, na nyingine kavu ya kupanda. Na miaka mingi baadaye, jua lilipokaza kule Kieni na shamba lake la Endarasha likakauka mpaka mbegu, nilimjazia kiondo nikamtumia. Nilimweleza mjukuu haya yote, na ndivyo yalivyokuwa.

Jumatano mwalimu akapiga simu. Mjukuu alisimama nayo mlangoni akisema ndiyo, ndiyo, sawa, ndiyo. Aliporudi ndani alikuwa amekunja uso.

"Shosho, mwalimu anauliza Mama A ana umri gani."

"Kwani anataka kumwoa?"

"Shosho!"

"Sijui umri wake. Tuliolewa msimu mmoja hapa kwa huu mgongo wa kilima."

"Kwa hivyo ni rika lako. Na bado analima Endarasha?"

"Analima sana. Yuko na nguvu."

Akapiga mahesabu kwa midomo, akatingisha kichwa, kisha akaniomba nambari yake. Kule Endarasha alikuwa hajafika. Maneno ya huko yote yalikuwa yangu, na mwalimu alikuwa amemgombeza kwa hilo pia. Akapiga, akaweka simu juu ya meza katikati ya kadi ili sote tusikie. Alijitambulisha kwa jina lake, ambalo ni langu.

"Wee!" sauti ikasema. "Kumbe ni wewe? Bado unachuma majani ama mgongo umekushinda?"

"Hapana, mimi ni mjukuu wake. Yuko hapa karibu."

"Ni sawa tu. Msalimie rafiki yangu."

"Nilitaka kukuuliza, hiyo njahi unapanda ulitoa wapi?"

"Si ni yeye alinitumia? Kiondo kizima. Nilimpa mimi, naye akanirudishia."

"Ulimpa lini?"

"Alipojifungua wa kwanza. Kwani hajakuambia tuliolewa msimu mmoja?"

Nyuma ya sauti hiyo mtoto akaanza kulia. Mjukuu wangu aliinama akaitazama simu kama inayovuja.

"Samahani, ni nani huyo analia?"

"Ni huyu kifungua mimba wangu. Meno yanamsumbua. Hebu ngoja nimnyonyeshe, nitakupigia."

Simu ikakatika. Kuku mmoja alikuwa ameingia, na hakuna aliyemfukuza.

"Shosho," akasema mjukuu polepole, "huyo mama ni kijana."

"Sasa unataka awe mzee, na mtoto wake bado hajaota meno?"

"Lakini mmeolewa msimu mmoja!"

"Ndiyo. Amekwambia mwenyewe."

"Shosho, kaa chini."

Nilikuwa nimeketi. Nikaketi vizuri zaidi.

"Yule mama aliyeingia hapa na njahi kwa mikono yake, wewe ukiwa kitandani na baba yangu mchanga. Huyo yuko wapi?"

"Ah, huyo tulimzika. Pale juu, kwa mpaka wa shamba lao. Wewe ulikuwa shule."

"Na huyu niliyeongea naye?"

"Ni yeye."

"Ni mjukuu wake!"

"Ndiyo, mwenye jina lake. Si ni yeye?"

Alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mimi nilibaki nikimtazama, kwa sababu sikuona ni wapi tumepotea. Yule kijana alipozaliwa tulikwenda kumwona na ndizi na uji, nami nikamwambia, "Umerudi, rafiki yangu?" Amekua nikimtania hivyo naye akinitania hivyo. Alipoolewa Endarasha nilisema rafiki yangu ameenda mbali. Shamba lilipokauka nikasema alinipa, sasa ni zamu yangu, na kiondo kikaenda. Ningeapishwa mbele ya kanisa ningesema vilevile. Sikuwa nimedanganya mtu.

"Mpango umekufa," akasema mjukuu. Akakusanya kadi zote pamoja, zile za picha na zile za maana na ile ya sentensi, akazifunga kwa raba. Hakula chakula cha jioni. Nilikaa jikoni na sufuria yangu nikijiuliza nimeharibu nini. Nikasema moyoni, kama ni majina yamemwangusha, na majina yenyewe hayaandikwi, yamemwangusha vipi?

Asubuhi nilimkuta mezani. Raba iko chini, kadi ziko mezani tena, na ile ya sentensi ameigeuza uso chini.

"Shosho, twende mmoja mmoja. Mama B. Aliyekupa na aliyerudishiwa ni mtu mmoja ama ni mwenye jina?"

Nikafikiri. "Mwenye jina. Anakaa Karatina."

"Mama C?"

"Huyo ni yeye mwenyewe, alikuwa bado hajafa."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilimpa mwenye jina lake, alipoolewa."

Akaandika kwa penseli, haraka. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Kila niliposema "mwenye jina" mkono wake uliruka kidogo, nami nikajua, hata kama sikujua mengine, kwamba hilo ndilo neno analotaka kusikia sasa. Na Ijumaa ilikuwa kesho.

"Mama D?"

Mama D alikuwa na wajukuu wenye jina lake, tena wengi. Ningeweza kusema ndiyo, na ni nani angepanda mpaka huko kuuliza? Lakini njahi ya Mama D sikuirudisha kwa jina lolote. Nilimpa mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akiuza vitambaa mjini Nyeri, karibu na stendi, kwa sababu alinikaribisha kivulini siku ya mvua ya mawe, tena akanieleza vile wao hupika maharagwe kwa nazi. Hana jina la kwetu, na sisi hatuna la kwao. Nilimwangalia mtoto, nikaona kile kidevu.

"Hapana," nikasema. "Hiyo ilienda kwa mtu mwingine kabisa." Nikamweleza.

Nilingoja alie. Akaandika. "Asante, Shosho. Hiyo nayo inaingia."

"Hata inayokuharibia?"

"Hasa hiyo."

Nimeishi siku nyingi, nimekaa katika kamati za kanisa na za kikundi cha wamama, na sijawahi kuona mtu akiita neno linalompinga lije likae mezani kwake. Nikamwuliza kama mwalimu wake anajua. Akasema mwalimu ndiye anayelitafuta kwanza.

Mchana aligeuza ile kadi, akakata maneno ya zamani, akaandika mapya, akanisomea. Mbegu haimrudii mtu, hulirudia jina. Akakaa kidogo, akaongeza "mara nyingi" katikati, kwa ajili ya yule mama wa vitambaa. Kisha akaanza kupanga, na safari hii hakupangua. Picha kwanza. Ulichopata. Ulivyokitafuta. Hapo aliandika wazi kwamba yule wa Endarasha aliongea naye kwa simu tu. Maana. Hodi ikabaki mwisho.

Tuligombana kwa Mama A. Alikuwa amemchora miviringo miwili, A wa kwanza na A wa pili, na mstari wa vidoti katikati.

"Mbona umemkata?" nikamwuliza.

"Sijamkata, nimemwunganisha. Ona vidoti."

"Kitu kizima hakiunganishwi. Ukimwunganisha ni kwa sababu umemkata."

"Shosho, nisipowatenganisha hakuna makala. Nikikosa kuonyesha ni wawili, sitaonyesha mbegu imetoka wapi ikaenda wapi."

"Na mimi na wewe je? Utatuchora na vidoti?"

"Wewe ndiye Mama M," akasema. "Mimi siko kwa picha. Mimi ndiye ninayechora."

Nikachukua kikapu changu nikarudi kuchuma majani.

Ijumaa asubuhi alipanda kule juu kwa tangi la maji, ambako mtandao unashika, akautuma. Alikaa huko muda mrefu. Nilimwona kutoka shambani, doa jekundu la sweta kwa ukuta wa tangi, limekaa, limesimama, limekaa. Niliwaza nipande nimpelekee viazi vitamu, nikaogopa kukuta kidevu kinatetemeka. Nilichuma mstari ule ule niliokuwa nimeuchuma jana.

Alishuka akikimbia, akaanguka, akaamka na matope kwa magoti.

"Amesema niandike!"

"Kwani ulikuwa hujaandika?"

"Bado, Shosho! Sasa ndiyo naanza!"

Akanishika mabega akanizungusha na kikapu changu, majani yakamwagika. Nilicheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka. Wiki nzima ya mateso, na kumbe hiyo ilikuwa ruhusa ya kuanza.

Tulipofika nyumbani akanionyesha ule ukurasa kwa simu. Nilivaa miwani. Shule yangu ilikuwa kidogo, lakini jina langu ninalisoma popote. Sentensi ilikuwa juu, na chini yake, mbele ya jina la mwalimu na mbele ya watu wote, liko pale, herufi zote, jina langu.

"Haya," nikasema, "ni mimi nimeandika ama ni wewe?"

"Ni mimi, Shosho."

"Lakini hapa ni mimi."

Akapangusa matope kwa goti. Halafu akasema, "Mwalimu akiuliza, nitamwambia ni vidoti."

Akasogeza picha kwa kidole mpaka miviringo ikaonekana mikubwa. A, B, C, D, wote uchi bila majina. Ilinichoma. Nikamwambia aweke simu vizuri, asirekodi, asiandike, asikize tu. Nikaweka kidole kwa D nikamwita jina lake, na la mume wake, na kule alikotoka. Nikaenda kwa C. Nikaenda kwa B. Kwa M nikajiita mwenyewe, yeye akaitika bila kujua, tukacheka.

Nikafika kwa A, ile miviringo miwili na vidoti vyake. Nikaita jina, mara moja.

"Ni wawili, Shosho," akasema.

"Basi na waitike wawili," nikasema, nikamrudishia simu, nikaenda jikoni kuona kama njahi imeiva.